Mdomo ukienda upande, usimwambie apumzike

Siku baba yangu alipoamka analalamika kwamba mkono wa kushoto umekufa ganzi, sisi wote pale nyumbani tulikubaliana kwamba ameulalia vibaya. Tukamchua. Alipopewa kikombe kikamponyoka, tukafuta sakafu, mama akasema mwacheni apumzike, akajilaza, na mchana alipotaka kuinuka mguu wa kushoto haukumbeba. Ndo tukaanza kukimbia. Kufika hospitali daktari hata hakutuuliza anaumwa nini maana alikuwa anaona mwenyewe, swali lake la kwanza lilikuwa mara ya mwisho mmemuona mzima kabisa ilikuwa saa ngapi, na watu wazima wanne tuliosimama pale tukabaki tunatazamana. Mmoja akasema jana usiku, mwingine asubuhi, mama akasema alfajiri alienda msalani akiwa mzima ila saa hakuangalia. Kilikuwa kiharusi. Baba yupo, namshukuru Mungu, anatembea kwa fimbo, lakini ule mkono haukurudi.

Tangu hapo nimesoma, nimewauliza manesi na madaktari, nimekaa sana na familia zingine kwenye kliniki ya mazoezi, na hadithi zinafanana karibu zote. Watu walimpenda mgonjwa wao, walikuwa naye chumba kimoja, ila hawakujua wanachokiona, wakasubiri. Kwa hiyo naweka hapa hatua moja moja kama ambavyo ningetamani mtu angeniwekea mimi kabla ya siku ile. Soma hata kama kwenu hamna mgonjwa, maana kiharusi hakipigi hodi.

Kwanza elewa kwa nini ni mbio

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote, na hauna pa kuweka akiba. Damu ikikatika sehemu fulani, seli za pale zinaanza kufa ndani ya dakika chache. Mshipa mkubwa ukiziba na asipate tiba, wataalamu wamekadiria mtu anapoteza kama seli milioni 1.9 za ubongo kila dakika moja. Kila dakika. Sasa piga hesabu ya "ngoja alale kidogo tuone akiamka".

Kiharusi kipo cha namna mbili. Kile cha kuziba, ambapo bonge la damu linakwama kwenye mshipa, ndo kingi zaidi, kama 85 katika kila 100. Kingine ni cha mshipa kupasuka na damu kumwagika kwenye ubongo. Kwa macho huwezi kuvitofautisha, hata daktari bingwa hawezi kwa kumtazama tu, mpaka kichwa kipigwe picha ya CT skani. Hili liweke kichwani kwa sababu huko mbele ndo linaeleza kwa nini vitu vingi ambavyo tumezoea kumpa mgonjwa ni hatari.

Na kitu kimoja ambacho kinawapoteza watu wengi mno: kiharusi cha kuziba mara nyingi hakiumi. Mtu akibanwa na kifua anashika kifua, anatoka jasho, kila mtu anashtuka. Lakini huyu mkono umelegea tu, mdomo umepinda upande kidogo, hana maumivu, hapigi kelele, anasema nimechoka. Mnamuona yuko mtulivu na nyie mnatulia.

Hatua ya 1: sikiliza neno "ghafla"

Udhaifu uliokuja taratibu kwa wiki tatu ni ugonjwa pia na unahitaji daktari, lakini kiharusi tabia yake ni kuja ghafla. Mtu alikuwa anaongea vizuri, sasa hivi hawezi. Alikuwa anatembea, sasa anavuta mguu. Alikuwa anasoma simu, sasa anasema jicho moja limeingia giza. Ukiona kitu chochote cha mwili au akili kimebadilika ghafla, hasa upande mmoja, acha unachofanya uende hatua ya pili.

Hatua ya 2: mpime uso, mkono na maneno

Hii inachukua chini ya dakika moja na haihitaji kifaa chochote. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuifanya, na mimi nawafundisha watoto wa nyumbani kwa sababu mara nyingi wao ndo wanaobaki na babu au bibi.

Uso: mwambie atabasamu au aonyeshe meno. Usimtazame tu akiwa amekaa kimya, maana uso ukiwa umetulia unaweza kuonekana wa kawaida, unatakiwa uusogeze ndo uone. Angalia kama upande mmoja wa mdomo umebaki chini, kama ule mstari unaoshuka kutoka puani umefutika upande mmoja, kama udenda unatoka kona moja. Najua kumwambia mzazi wako nionyeshe meno inaonekana kama kukosa adabu, mwambie kwa heshima, "baba naomba utabasamu kidogo nikuangalie", ila fanya, usione haya.

Mkono: mwambie ainue mikono yote miwili mbele usawa wa mabega, viganja vikiangalia juu, afumbe macho, na umhesabie polepole mpaka 10. Kufumba macho ni muhimu kwa sababu akiwa anaona atajitahidi kuurekebisha ule mkono dhaifu. Ukishuka mmoja, au kiganja kikaanza kujigeuza chenyewe kuangalia chini, hiyo ni dalili. Wengine hata kuuinua hawawezi. Mguu nao hivo hivo, mwambie ainue mmoja mmoja akiwa amelala.

Maneno: mpe sentensi rahisi airudie, mfano "leo jua limewaka tangu asubuhi". Hapa watu wanategemea kusikia ulimi mzito kama wa mlevi na kweli huo upo, lakini kuna wengine wawili wanaosahaulika. Kuna anayetamka vizuri kabisa ila maneno si yenyewe, unamuuliza jina lake anakujibu habari ya viatu. Na kuna ambaye haelewi unachomwambia, unamwambia inua mkono anakutazama tu, nyie mnadhani kakasirika au ni kiburi cha uzee. Wote hao ni wagonjwa wa dharura.

Dalili moja inatosha! Nasisitiza kwa sababu nimekutana na watu waliokuwa wanasubiri zitimie zote tatu. Mdomo umepinda peke yake, mikono sawa, maneno sawa, unaondoka naye. Mtu atakwambia inaweza kuwa ni ule ugonjwa wa mshipa wa fahamu wa uso tu, ule ambao mtu hawezi hata kukunja paji la uso upande mmoja wala kufumba jicho vizuri, na ni kweli upo na hauui, lakini kazi ya kutofautisha si ya sebuleni. Bora mrudishwe nyumbani mkiwa mmeambiwa ni kitu kidogo.

Hatua ya 3: macho, balansi na kichwa

Sehemu ya nyuma ya ubongo ikipigwa, uso na mikono inaweza kuwa sawa kabisa ukampa alama zote kwenye kipimo cha hatua ya pili. Huyu dalili zake ni kizunguzungu kikali cha ghafla, kutapika, kuona vitu viwili viwili, kutembea anayumba kama meli, kushindwa kukaa wima, na wakati mwingine ulimi kuwa mzito. Baadhi ya hawa wanadhaniwa wamelewa. Kama ni mtu barabarani ambaye humjui, usimpite eti mlevi. Kama ni mtu wako na unajua hajanywa, usiseme amekula kitu kibaya, muulize kama anaona vizuri, mwambie aguse pua yake kisha aguse kidole chako, mwambie asimame akiwa ameshikiliwa pande zote mbili.

Kuona nako: jicho moja kuzima ghafla kama pazia limeshushwa, au nusu ya anachokitazama kupotea, hata kama baada ya dakika tano linarudi.

Na kichwa. Maumivu ya kichwa ya kawaida wote tunayajua, lakini kuna yale yanayolipuka, mtu anasema hajawahi kuumwa hivyo tangu azaliwe, yanafika juu kabisa ndani ya sekunde au dakika moja, shingo inakakamaa, anatapika au anapoteza fahamu. Hiyo inaweza kuwa mshipa umepasuka. Usimpe panadol ukamfunika shuka.

Hatua ya 4: angalia saa, uiandike

Hii ndo hatua iliyotuangusha sisi na ndo maana nimeipa sehemu yake peke yake. Madaktari hawaanzii kuhesabu pale mlipomgundua, wanaanzia mara ya mwisho alipoonekana mzima. Kama alilala saa 4 usiku akiwa mzima akaamka saa 12 asubuhi akiwa amelegea, saa yake inaanzia saa 4 usiku. Lakini kama katikati aliamka akaenda msalani saa 10 alfajiri akiwa anatembea na kuongea vizuri, inaanzia hapo, na hayo masaa 6 ya tofauti yanaweza kubadilisha tiba yote. Kwa hiyo uliza kila mtu haraka, nani aliongea naye mwisho, kuna meseji aliyotuma, kuna simu aliyopokea? Simu inatunza saa vizuri kuliko kichwa cha mtu aliyeshtuka. Sisi baba alimpigia mdogo wake saa 12 na robo asubuhi wakaongea vizuri kabisa, tumekuja kuiona kwenye simu yake siku mbili baadaye.

Iandike kwenye karatasi, hata kwenye mkono wa mgonjwa kwa kalamu. Usiamini utakumbuka.

Hatua ya 5: piga simu ya dharura

Piga namba ya dharura ya nchi uliyopo, ihifadhi leo kwenye simu, usiitafute siku ya tukio. Ukiipata sema neno lenyewe: nashuku ni kiharusi. Usianze na "mgonjwa hajisikii vizuri", watakupanga foleni. Sema hivi: "Nina mgonjwa, nashuku kiharusi, upande wa kulia umelegea na hawezi kuongea, mara ya mwisho alikuwa mzima saa 2 na dakika 10 asubuhi, ana miaka 61, anapumua, tuko mahali hapa." Halafu usikate mpaka wakuambie.

Kama ambulensi hamna au wanasema itachelewa sana, usikae kuisubiri kwa ajili ya utaratibu, tafuta gari lolote. Mgonjwa asiendeshe mwenyewe hata kama anasema anaweza. Wakati mmoja anatafuta usafiri mwingine apige simu hospitali kuuliza swali moja tu: CT skani yenu inafanya kazi sasa hivi? Zahanati ya karibu inaweza kuwa na watu wazuri wenye moyo, lakini kama hamna hiyo mashine watamwandikia rufaa na nyie mmeshapoteza saa nzima. Ila kama hapumui vizuri au amezimia kabisa, nenda penye msaada wa karibu kwanza.

Sasa kuhusu mgonjwa anayekataa kwenda. Hii ni sehemu ambayo natamani kila mtu aielewe. Kiharusi kikipiga upande wa kulia wa ubongo, mwili unaolegea ni wa kushoto, na kinaweza kugusa pia sehemu inayomjulisha mtu hali ya mwili wake mwenyewe. Yaani mkono haufanyi kazi na ubongo hauna habari. Unamuonyesha, anakwambia uko sawa, au hata anasema si wake. Baba alikuwa anatuambia yuko sawa kabisa na alikuwa anamaanisha, hakuwa anatuficha kitu wala kujikaza kiume. Kwa hiyo neno la mgonjwa "niko sawa" siku hiyo lisiwe ndo uamuzi wa familia. Mbembeleze, mwite mtu anayemsikiliza, lakini safari iendelee huku mnabembeleza.

Na msisubiri mkubwa wa ukoo apatikane kwenye simu ndo atoe ruhusa. Atajulishwa mkiwa njiani.

Hatua ya 6: wakati mnasubiri gari

Kama yuko macho na anapumua vizuri, mlaze mahali salama, kichwa na mabega viinuke kidogo, mlegezee shingoni na kiunoni, toa meno ya bandia kama anayo. Akiwa amesinzia, anatapika au mate yanamkaba, mgeuze alale ubavu ili matapishi yatoke nje yasiende kwenye mapafu. Ule mkono uliolegea usiuvute wakati wa kumbeba, misuli inayoshikilia bega imelegea na linachomoka kirahisi, mshike mwilini.

Ongea naye kwa upole. Asiyeweza kuongea anaweza kuwa anasikia kila kitu, na watu wanasimama juu ya kichwa chake wanasema "huyu ndo basi tena". Msimfanyie hivyo. Mwambie msaada umeshaitwa, niko hapa, nakushika mkono huu mzima.

Akiacha kupumua au anapumua kwa kukata kata kama anayekoroma mwisho mwisho na haitiki, mlaze chali sehemu ngumu, weka viganja viwili katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu kina cha sentimita 5 mpaka 6, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, usiache mpaka msaada ufike au apumue.

Kama kuna mashine ya kupimia sukari karibu, mpime. Sukari ikishuka sana inaiga kiharusi vizuri mno, mtu anaongea hovyo na hata upande mmoja unalegea. Ikiwa chini ya 70 kwa mashine zinazosoma mg, au chini ya 4 kwa zile zinazosoma mmol, waambie watu wa dharura hiyo namba kwenye simu wakuelekeze la kufanya. Mashine haipo? Endelea na safari, usitume mtu akaitafute.

Hatua ya 7: vitu ambavyo usimfanyie

Usimpe maji, chakula wala kidonge chochote kwa mdomo. Kumeza kunaharibika kwa wagonjwa wengi wa kiharusi bila wao kujua, hiyo glasi ya maji uliyompa kwa huruma inaingia kwenye mapafu, na nimonia imewaondoa watu ambao kiharusi chenyewe hakikuwaua.

Aspirini hasa. Watu wamesikia inasaidia kwenye mshtuko wa moyo, na ni kweli kule ina nafasi yake, wakaihamishia huku. Kumbuka nilichosema mwanzo, hujui kama mshipa umeziba au umepasuka. Kama umepasuka, aspirini inazuia damu isigande pale inapotakiwa igande. Hospitali wataitoa wenyewe wakishaona picha.

Dawa ya presha nayo acha. Utampima utakuta 190 na kitu utaogopa, utataka kumuwekea kidonge chini ya ulimi ishuke haraka. Wakati wa kiharusi presha mara nyingi inapanda kwa sababu mwili unalazimisha damu ipite pale palipobana, ukiishusha kwa kishindo ile sehemu ya ubongo iliyokuwa inapumua kwa shida nayo inakufa. Kuna wakati madaktari wanaishusha, lakini kwa kipimo na kwa taratibu, wakiwa wameshajua ni aina gani.

Kuna ile meseji inazunguka kwenye simu miaka na miaka, kwamba mtoboe ncha za vidole kwa sindano na masikio damu itoke atapona. Hamna ukweli wowote pale. Tone la damu la kidoleni halifungui mshipa wa ubongo, na dakika mlizotumia kutafuta sindano hazirudi. Kumchua nako sisi tulifanya, kumkanda, kumpaka mafuta, mkono haukuwa na tatizo lolote, tatizo lilikuwa kichwani.

Hatua ya 8: mlangoni hospitali

Beba dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, usihangaike kuandika majina. Muhimu zaidi ni zile za kuzuia damu kuganda kama warfarini, na saa aliyokunywa mara ya mwisho. Ujue uzito wake hata kwa kukadiria, kwa sababu dawa ya kuyeyusha bonge inapimwa kwa kilo. Kama amefanyiwa upasuaji hivi karibuni au aliwahi kuvuja damu tumboni au kichwani, sema bila kuulizwa.

Ukifika mapokezi usikae kwenye kiti usubiri kuitwa. Nenda mbele sema kwa sauti inayosikika: huyu tunashuku kiharusi, alikuwa mzima saa fulani. Sentensi hiyo inafungua milango kuliko machozi. Wakikuelekeza ukajaze fomu, mwachie mwingine fomu wewe baki na mgonjwa.

Watakachofanya ni kupima sukari, presha, kuweka njia ya damu, na haraka iwezekanavyo CT skani. Ikionekana hakuna damu iliyovuja na muda bado upo, kuna dawa ya mshipani ya kuyeyusha bonge. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1996 kwa masaa 3 ya mwanzo tu, halafu utafiti wa 2008 ukaonyesha inaweza kusaidia mpaka masaa 4 na nusu. Usione masaa 4 na nusu ukadhani una nafasi ya kuoga kwanza, kadiri inavyotolewa mapema ndivyo anavyopona zaidi, na humo humo kuna muda wa barabarani na wa kipimo. Kuna pia utaratibu wa kuingiza mrija mwembamba kutoka kwenye nyonga mpaka kichwani na kulivuta bonge lenyewe, kwa mishipa mikubwa. Tafiti za 2015 ziliuweka wazi kwa masaa 6, na za 2018 zikaonyesha baadhi ya wagonjwa waliochaguliwa kwa picha wanaweza kusaidiwa mpaka masaa 24. Si kila hospitali inao. Lakini ndo sababu nakwambia hata kama mmechelewa, hata kama ameamka nacho asubuhi, msijiambie muda umeshapita tukae nyumbani. Hilo waachie wao waseme, na hata asipopata dawa hizo, kulazwa na kuangaliwa na watu wanaojua kiharusi kunaokoa maisha.

Na dalili zikipotea zenyewe?

Hapa ndo pana mtego mkubwa kuliko yote. Mdomo unapinda, mkono unalegea, mnaanza kutafuta gari, halafu baada ya dakika 15 kila kitu kinarudi, mgonjwa anacheka, mnamshukuru Mungu na gari linarudishwa. Hicho kinaitwa kiharusi cha mpito, bonge lilikwama kidogo likapita. Yaani kuna mahali mwilini linatengenezwa na hapo bado hapajaguswa. Siku mbili za kwanza baada ya hapo ndo zenye hatari kubwa zaidi ya kupata kiharusi kamili. Mpeleke siku hiyo hiyo hata kama anatembea mwenyewe na anakuona unamsumbua, akapimwe mishipa ya shingo, moyo, presha, sukari, aanzishiwe dawa. Kati ya familia nilizokutana nazo kliniki, ukiwauliza vizuri, kadhaa wanakumbuka "siku ile kikombe kilimponyoka" wiki moja kabla.

Usikitafute kwa wazee peke yao

Vijana wanapata. Mama mjamzito au aliyejifungua wiki chache zilizopita mwenye kichwa kikali, macho kuona ukungu na presha juu, ni dharura, msiseme ni uchovu wa mtoto. Mtoto mwenye selimundu (sickle cell, ule ugonjwa wa damu wa kurithi) anaweza kupata kiharusi kabla hajamaliza shule ya msingi, akianza kuchechemea ghafla au kudondosha kalamu mkimbize. Shirika la kimataifa la kiharusi linakadiria mtu mmoja kati ya wanne wenye umri zaidi ya miaka 25 atapata kiharusi katika maisha yake, kwa hiyo angalia mezani kwenu mko wangapi.

Fanya haya wiki hii

Pima presha ya kila mtu mzima nyumbani. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi na inarudia siku tofauti, aonane na daktari, na akipewa dawa asiache siku anayojisikia vizuri, maana presha haina kelele, kujisikia vizuri ndo kawaida yake. Shika mapigo kwenye kifundo cha mkono kwa dakika moja, yakiwa yanaruka ruka bila mpangilio akapimwe moyo, hali hiyo inaongeza uwezekano wa kiharusi kama mara tano na ina dawa. Sigara iachwe.

Halafu andika karatasi moja: namba ya dharura, hospitali yenye CT skani inayofanya kazi usiku na namba yake, mtu mwenye gari anayepokea simu usiku, na kwa kila mzee jina la dawa zake, magonjwa yake na uzito wake. Ibandike mahali ambapo hata mgeni wa siku moja ataiona. Kwetu ipo nyuma ya mlango wa mbele, pembeni tumefunga kalamu kwa uzi kwa ajili ya kuandika saa, na kila baba akibadilishiwa dawa kliniki mdogo wangu anaibandua anaandika upya jioni hiyo hiyo.